Wembe, mashine, krimu, sukari au leza: njia ipi ya kuondoa nywele za mwili inaifaa ngozi yetu?

Siku tatu kabla ya ndoa yake, kijana mmoja aliletwa kwangu na kinyozi wa saluni yetu, upande wa kina kaka. Shingo yote, kuanzia chini ya taya hadi kwenye kola, ilikuwa imejaa vipele, vingine vikavu na vyeusi, vingine na usaha kichwani. Alikuwa amenunua wembe mpya, akanyoa kwa kufuata ulalo wa ndevu, akarudia kinyume, kisha akaivuta ngozi kwa vidole na kupitisha mara ya tatu ili kidevu kiwe laini kabisa.

"Dada, nisaidie. Jumamosi napigwa picha."

"Mdogo wangu, wembe usiuguse tena mpaka picha ziishe."

Hakupenda. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kisha nikamwonyesha kipele kimoja kwenye kioo kinachokuza. Ndani yake kulikuwa na unywele uliojipinda kama ndoana, ncha yake imezama kwenye ngozi. Ndevu alizodhani amezimaliza zilikuwa zinaota kuelekea ndani.

Kazi hii ya kuondoa nywele naifanya mwaka wa 11 sasa. Nilijifunzia Tanga kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiwatengeneza maharusi, na sasa niko Dar es Salaam. Watu wakilinganisha njia za kuondoa nywele huuliza ipi inadumu na ipi haiumi. Kwa mwenye nywele za kipilipili na ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, mimi huuliza kwanza: baada ya wiki mbili ngozi itabaki vipi? Unywele utaota tena, hilo halina ubishi, lakini doa jeusi la kipele kilichotumbuliwa linaweza kukaa mwaka mzima.

Sababu iko chini ya ngozi. Kitundu unamotokea unywele wa kipilipili kimepinda tangu ndani, kwa hiyo unywele unatoka ukiwa tayari na mkunjo wake. Ukiukata karibu sana na ngozi, unabaki na ncha kali iliyokatwa mshazari. Ukikua kidogo unajipinda na kuchoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea. Na kama ngozi ilivutwa wakati wa kunyoa, ncha hurudi chini ya usawa wa ngozi na kutoboa ukuta wa kitundu hata kabla ya kuona jua. Mwili unauchukulia unywele huo kama mwiba: unavimba, unatunga usaha, na ngozi nyeusi ikishavimba huacha weusi. Njia zote ninazozitaja hapa nazipima kwa jambo hilo.

Wembe na mashine

Wembe ni rahisi, hauumi, na unapatikana kila duka la mtaani. Kwa sababu hiyo kila mtu anautumia, hata asiyefaa kuutumia. Unaondoa kilicho juu ya ngozi tu, na siku ya pili au ya tatu nywele zimerudi zinakwaruza.

Kuna hofu moja inayowasumbua kina dada wengi: kwamba ukishanyoa mara moja, nywele zitarudi nyingi na nene. Si kweli. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alichunguza ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa na hakuona kwamba wembe unabadilisha ukuaji wake. Kinachotudanganya ni ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa huishia na ncha nyembamba kama ya jani la nyasi. Ukikatwa katikati, kinachochomoza ni kisiki, na kisiki ukikipapasa ni kigumu na kwa macho ni cheusi zaidi. Idadi ni ileile.

Kwenye miguu na mikono, ambako nywele za wengi wetu hazijikunji sana, wembe hauna neno. Oga kwanza, nywele zilowe dakika tano hivi zilainike, paka povu zito, kisha pitisha wembe mkali mara moja kwa kufuata ulalo wa nywele bila kukandamiza. Suuza wembe kila ukipitisha. Ukishaanza kuhisi unavuta badala ya kukata, utupe. Wembe butu ndio unaomfanya mtu arudie palepale mara tatu.

Kwenye ndevu na kinena nasema waziwazi: kama umewahi kupata vipele huko, achana na wembe. Tumia mashine ndogo ya kuchaji, ile ya kupunguzia ndevu, na usiikandamize ngozini. Inaacha nywele za urefu wa karibu milimita moja, na milimita hiyo ndiyo kinga yenyewe, kwa sababu ncha inakuwa imeshavuka usawa wa ngozi na hairudi ndani kirahisi. Wateja wananiambia, "Lakini haiwi laini." Ni kweli, haiwi laini kama ya wembe siku ile ya kwanza. Lakini siku ya kumi aliyenyoa kwa wembe anajikuna na kutembea kwa shida, wewe unaendelea na kazi zako. Kwa kinena hasa, ngozi ni nyembamba, ina mikunjo, na mtu ananyoa asipopaona vizuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wanaopunguza nywele za huko wamewahi kujiumiza, wengi wao kwa kujikata.

Wembe wa mtu ni wa mtu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili, hata kwenye damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza, na damu yenyewe inaweza kuwa ndogo usiione kwa macho. Kwa kinyozi, dai wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele yako. Kuchovya wembe uliotumika kwenye spiriti kwa sekunde chache hakutoshi. Na hili nawaambia pia wanandoa: kulala kitanda kimoja hakuwapi ruhusa ya kuchangia wembe.

Jambo jingine ambalo nikilisema watu hushangaa: mama mjamzito halazimiki kunyoa kinena kabla ya kwenda kujifungua. Dada zangu wengi huja wiki za mwisho, tumbo limeshuka, hata kuinama hawawezi, kwa sababu jirani kawaambia manesi watawasema wakienda na nywele. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2015, lilisema kunyoa kinena kama utaratibu wa kila mama kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida hakupendekezwi. Kwa upasuaji, mwongozo wa 2016 unasema nywele ziachwe, na ikibidi kabisa ziondolewe kwa mashine, si kwa wembe. Wembe unaacha michubuko midogo isiyoonekana, na wadudu wanaoleta maambukizi wanapita humo. Mjamzito akinifuata, nampunguzia kwa mashine kama anataka mwenyewe. Wembe simpitishii.

Krimu na poda

Krimu za kuondolea nywele hazikati, zinayeyusha. Nyingi zina kemikali ya jamii ya thioglikoleti ndani ya mchanganyiko wenye alikali kali, pH karibu 12, zinazovunja vifungo vya protini inayoupa unywele ugumu wake. Baada ya dakika chache unywele unakuwa kama uji, unaufuta kwa kitambaa. Harufu yake, inayofanana na yai viza, inatokana na salfa inayohusika katika kazi hiyo.

Kwa nywele za kipilipili krimu ina faida ambayo watu hawaitaji: inaacha ncha laini iliyolika badala ya ncha kali, na hivyo vipele hupungua. Wanaume Weusi wa Marekani wamenyoa ndevu kwa poda za aina hii kwa vizazi, kwa sababu hiyohiyo. Unakoroga na maji, unapaka, unakwangua kwa kijiko au kisu butu.

Tatizo ni kwamba ngozi nayo imejengwa kwa protini ya jamii ileile. Krimu haijui pa kuishia. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilijipaka miguu yote miwili, simu ikaita, nikaongea. Pakiti ilisema isizidi dakika kumi, mimi nilifika ishirini. Goti la kushoto lilichubuka likatoa maji, na alama yake nilikaa nayo miezi minane. Tangu siku hiyo natumia saa ya jikoni inayolia. Kabla ya kutumia krimu mpya, paka kidogo mkononi na usubiri saa 24, hata kama rafiki yako ameitumia na haikumfanya kitu. Usiipake ndani ya mashavu ya uke wala karibu na njia ya haja kubwa, wala kwenye ngozi uliyoinyoa au kuisugua siku hiyo. Kwa ndevu, zipite siku tatu au zaidi kabla ya kurudia.

Krimu inakupa siku chache zaidi ya wembe, labda wiki. Naipendekeza kwa mwenye vipele vya ndevu asiyetaka kabisa kuonekana na vindevu kazini, na kwa miguu ya mtu anayesafiri kesho.

Sukari, na kwa nini naitanguliza mbele ya waksi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakaa kidogo.

Shangazi alitumia sufuria nzito ya chini nene, vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji ya ndimu yaliyochujwa na robo kikombe cha maji. Jiko la mkaa, moto wa chini. Alikuwa hakorogi sana. Alisubiri mapovu makubwa yageuke kuwa madogo, mazito, na rangi itoke kwenye weupe iende manjano, kisha ifike kwenye rangi ya asali ya nyuki wadogo. Hapo anadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado. Likijikusanya kuwa kidonge laini kinachobonyea, anaipua mara moja, maana nusu dakika zaidi inakuwa peremende na nusu dakika pungufu inabaki shira. Ndimu si ya harufu. Asidi yake inaigawa sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo mbili zikiwamo, sukari haigandi chengachenga ikipoa.

Ukiipua, usiiguse. Sukari iliyochemka ni moto kuliko maji yanayochemka na inang'ang'ania ngozi ikiunguza. Iache ipoe mpaka uweze kuishika mkononi bila kushtuka, kisha ivute na kuikunja, uivute na kuikunja, mpaka itoke kwenye wekundu wa kung'aa igeuke dhahabu yenye ukungu. Wakati wa masika hapa Dar hewa ina unyevu mwingi, sukari inaufyonza, donge linalegea vidoleni. Nikipika Aprili naiacha motoni muda kidogo zaidi, na mteja nampaka poda kwanza apate kuwa mkavu.

Tofauti na waksi iko kwenye mkono. Donge la sukari unalipaka kinyume na ulalo wa nywele na kulichomoa kwa kufuata ulalo, kwa mkwaruzo mmoja mfupi unaokwenda sambamba na ngozi. Waksi, yaani nta, kwa kawaida hupakwa kwa kufuata ulalo na kung'olewa kinyume kwa kitambaa. Unywele ukivutwa kinyume huweza kukatikia njiani badala ya kutoka na mzizi, na uliokatikia chini ya ngozi ndio unaokuja kuwa kipele. Tena sukari inashika zaidi unywele kuliko ngozi, na mabaki yanaoshwa kwa maji ya vuguvugu. Waksi inataka mafuta kuitoa.

Waksi nayo ina sifa zake. Ni ya haraka kwa miguu mizima, na haikutaki ujue kupika. Lakini angalia mambo mawili ukienda saluni. Joto: mhudumu aijaribu kwenye mkono wake kwanza. Na kijiti: kijiti kilichogusa ngozi yako kisirudi kwenye chungu cha waksi ya wote. Ukiona kinarudi, vaa viatu vyako uondoke.

Kote kuwili nywele ziwe na urefu wa nusu sentimita hivi, kama punje ya mchele. Zikiwa fupi hazishikiki. Matokeo hukaa wiki tatu hadi nne, wengine zaidi. Mtu akiniambia, "Dada, wiki moja tu zimetokeza, hukunitoa vizuri," namweleza kuwa nywele haziamki siku moja. Nyingine zinaota, nyingine zimepumzika chini ya ngozi siku ile ninapomhudumia, nazo zina zamu yao.

Sitaki kuificha hasara. Kuvuta kunauma, kwapani na kinena zaidi. Na nywele zilizovutwa nazo huweza kuota kuelekea ndani, kwa sababu unywele mpya unarudi mwembamba na ukishindwa kuipenya ngozi hujikunja chini yake. Kwa hiyo jaribu kipande kidogo, subiri mwezi, ndipo uamue. Baada ya siku tatu anza kuisugua ngozi taratibu kwa dodoki laini mara mbili kwa wiki, au singo yako kama una mazoea nayo. Shingo na kidevu cha mwanamume mwenye vipele sivivuti kwa sukari wala kwa waksi, hata akilipa mara mbili.

Na kuna mtu ambaye simvuti popote: anayetumia mkorogo. Krimu za kujichubua zenye steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba, na waksi ikitoka inatoka nayo. Nimeona shavu la mtu likichunika kama ngozi ya nyanya iliyochovywa maji ya moto. Vivyo hivyo kwa anayemeza vidonge vikali vya chunusi vya isotretinoini au kupaka dawa za retinoidi. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande azungumze kwanza na daktari wake.

Wateja Waislamu huniuliza kama ni lazima kwapa linyonyolewe. Hadithi ya mambo ya maumbile inataja kunyonyoa kwapa na kunyoa kinena, na Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba wasiyaache zaidi ya siku 40. Lakini Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya wengi pwani yetu, inapokewa kwamba alikutwa akinyolewa kwapa akasema anajua sunna ni kunyonyoa ila hayawezi maumivu. Nikiwasimulia hilo, wengi hushusha pumzi.

Uzi, kibano, na ndevu za mwanamke

Uzi wa pamba uliosokotwa na kuvutwa kwa vidole na meno ni mzuri kwa nywele za juu ya mdomo na paji la uso: hauna kemikali wala joto, na unafuata mstari. Kwa nyusi, Waislamu wana katazo lao linalojulikana, kila mtu na aelewane na shehe wake. Kibano ni cha unywele mmoja mmoja. Usikitumie kuchimbua unywele uliozama, maana ndivyo makovu yanavyoanza. Na nywele za puani zisivutwe kamwe, zipunguzwe kwa mkasi wa ncha butu.

Lakini dada anayekuja kila wiki kutolewa ndevu za kidevuni namwuliza jambo jingine. Siku zako zinakwenda vizuri? Uzito umeongezeka? Chunusi? Mara nyingi ni PCOS, mvurugiko wa homoni wa mayai ya mwanamke, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unampata karibu mmoja kati ya wanawake 10 walio katika umri wa kuzaa. Uzi hautibu hilo. Nywele zikitokea ghafla, sauti ikawa nzito, au nywele za kichwani zikaanza kupungua mbele kama za mwanamume, aende hospitali haraka, asipitie saluni.

Kuna krimu ya dawa inayopunguza kasi ya nywele za usoni, eflonithini. Haing'oi. Inapakwa mara mbili kwa siku, matokeo huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na ukiiacha nywele zinarudi mwendo wake. Naitaja kwa sababu ya historia yake. Dawa hiyohiyo, kwa sindano, iliidhinishwa mwaka 1990 kutibu malale ya aina inayowasumbua watu wa Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda, na iliwaamsha wagonjwa waliokwisha kupoteza fahamu. Katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji ulisimama, kwa sababu wagonjwa wa malale hawakuwa na fedha. Mwaka 2000 ikaidhinishwa Marekani kama krimu ya ndevu za wanawake. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani wakapaza sauti, na mwaka 2001 kiwanda kikakubali kutoa tena sindano kwa wagonjwa. Kila nikimweleza mteja krimu hii nakumbuka kwamba ilipata soko usoni mwa mwanamke tajiri kabla ya kurudi kwenye mshipa wa mkulima.

Leza na sindano ya umeme

Leza inatafuta weusi. Mwanga wake unamezwa na rangi ya unywele, unageuka joto, joto linaunguza mzizi. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi kazi ni nyepesi. Kwa ngozi yetu, mwanga unakuta weusi mwingine juu, kwenye ngozi yenyewe, kabla ya kufika kwenye mzizi. Hapo ndipo watu wanaungua.

Kwa hiyo swali la kwanza kliniki ni mashine gani. Leza ya Nd:YAG, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1064, inazama zaidi na haimezwi sana na weusi wa ngozi, na ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Ya aleksandriti, nanomita 755, ni ya ngozi nyeupe. Ya dayodi, karibu 810, inawezekana kwa mhudumu mzoefu anayejua kuipunguza. IPL si leza, ingawa mabango mengi yanaiita hivyo. Ni mwanga wa mchanganyiko, nami sitamwachia mtu animulike nao. Zile mashine za kujimulikia nyumbani nyingi zinafanya kazi kwa mwanga huo, na baadhi zina kihisi kinachokataa kuwaka kwenye ngozi nyeusi. Mteja mmoja alidhani yake mbovu akataka kuirudisha dukani. Ilikuwa inamkinga.

Inachukua mara sita hadi nane, kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa kuwa leza inaupata unywele ulio kwenye kuota tu. Kabla ya kwenda unanyoa, na kwa wiki nne usivute kwa sukari wala waksi, kwani mzizi ukishang'oka leza haina cha kuunguza. Nywele za mvi hazisikii. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaruhusu leza kutangazwa kuwa inapunguza nywele kwa kudumu, na neno ni kupunguza. Anayekuahidi kwamba hutaona unywele tena maisha yako yote anakuuzia maneno. Usoni, hasa kwa mwenye matatizo ya homoni, imewahi kutokea nywele zikaongezeka.

Ni ghali. Pamoja na hayo, kwa mwanamume ambaye vipele vya ndevu vimemshinda na kazi yake inamlazimisha kunyoa, au dada mwenye makovu ya kinena, ndiko ningemshauri aweke akiba yake kuliko kununua kila mafuta ya vipele yanayotangazwa. Adai kipande cha majaribio, asubiri wiki mbili kuona kama ngozi imebadilika rangi, ndipo alipe zilizobaki.

Sindano ya umeme ndiyo njia pekee ambayo mamlaka hiyohiyo inakubali iitwe ya kudumu. Ilianzishwa mwaka 1875 na daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, Charles Michel, aliyekuwa akiondoa kope zinazoota kuelekea kwenye jicho. Sindano nyembamba inaingia kwenye kila kitundu, unywele mmoja kwa wakati, kwa hiyo rangi haijalishi, na nywele nyeupe za kidevuni zinatoka. Kwa mguu mzima utazeeka kitandani. Mwenye asili ya kovu linalokua likawa keloidi asijaribu bila kumwona daktari wa ngozi.

Kwa mtu anayetaka jibu la haraka kutoka kwangu: ndevu, mashine. Kinena, mashine. Kwapa, sukari, na kama maumivu hayavumiliki, mashine pia. Miguu, sukari au wembe mkali. Juu ya mdomo, uzi.

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia na binti yake wa miaka 12, anataka afanyiwe waksi miguuni kwa sababu wenzake shuleni wanamcheka.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone."

Zilikuwa malaika tu, nyembamba, zimelalia ngozi. Nilimwambia mama waksi bado. Nikamwonyesha mtoto mashine ndogo ilivyo, isivyokata ngozi, namna ya kuisafisha, na kwamba itakuwa yake peke yake, isichangiwe na dada zake.

"Lazima nifanye?" akaniuliza.

"Hapana."

Aliiwasha, akaipitisha chini ya goti moja, kipande cha upana wa vidole viwili, akapapasa. Akasema mguu mwingine ataamua akifika nyumbani.